Kompyuta Kuu kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili: Vyuo Vikuu Hushirikiana Katika Nini Hasa?

Molekuli sita za maji ni kitu kidogo mno, lakini zinatosha kuilemea kompyuta nzuri ya maabara ya chuo. Mbinu za kikwanta ambazo wanakemia huziamini zaidi katika kukokotoa nishati ya molekuli zina gharama inayokua kwa kipeo cha saba cha ukubwa wa mfumo, maana yake ni kwamba ukubwa ukiongezeka mara mbili, muda wa kukokotoa huongezeka mara 128. Tuseme, kwa mfano, molekuli tatu zimechukua dakika 10. Sita zitachukua zaidi ya saa 21, na kumi na mbili zitachukua karibu siku 114, ambazo kwa kalenda ya vyuo vyetu ni muhula mzima. Wala swali lenyewe halikubuniwa kwa ajili ya zoezi la darasani. Ni kuanzia molekuli sita ndipo maji yanapoacha kujipanga kama pete na kuanza kuchukua maumbo yenye kina, na mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha ushahidi wa kimaabara kwamba maumbo matatu ya kundi hilo, yaani la kizimba, la mche wa jiometri na la kitabu kilichofunguliwa, hupatikana kwa pamoja.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeishia kuyasoma hayo kitabuni hapati nafasi ya kukosea mahali ambapo watafiti hukosea: kuanza na umbo lisilofaa, kuchagua mbinu ya bei nafuu kupita kiasi, au kuliamini jibu kwa sababu tu lina tarakimu nane baada ya nukta. Hali ni hiyohiyo kwa anayesoma utabiri wa hali ya hewa, uunganishaji wa jinomu au mwendo wa vimiminika. Hesabu za fani hizo zinahitaji kompyuta kuu, na kompyuta kuu haiko ndani ya uwezo wa idara moja, na mara nyingi hata wa chuo kimoja. Ndiyo maana vyuo huungana. Wengi wanaposikia habari ya muungano wa namna hiyo hudhani kinachogawanywa ni mashine. Kwa maoni yangu mashine ndiyo sehemu rahisi. Kinachoamua kama mwanafunzi atafaidika ni namna foleni ya kazi inavyopangwa, na kama kuna mtu anayelipwa mshahara kuisimamia.

Kompyuta kuu ya siku hizi haina prosesa moja ya ajabu. Ni mamia au maelfu ya kompyuta, ziitwazo nodi, ambazo zimepangwa katika makabati na kuunganishwa kwa mtandao wa ndani wenye kasi kubwa. Mfumo endeshi wake karibu siku zote ni Linux. Tangu Novemba 2017 mashine zote 500 za orodha ya TOP500, inayotaja kompyuta zenye nguvu zaidi duniani, zimekuwa zikiendeshwa nao. Kila nodi ina prosesa zenye viini kadhaa, na kila kiini kinaweza kubeba fungu lake la hesabu. Ugumu uko katika kuigawa hesabu yenyewe. Mhandisi Gene Amdahl alilieleza jambo hilo mwaka 1967: sehemu ya programu isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa kasi yote. Ikiwa asilimia 5 ya kazi lazima ifanywe kwa mfuatano, viini 16 vitaiharakisha mara 9 hivi, viini 64 mara 15 na kidogo, na hata ukipewa viini milioni moja hutavuka mara 20. Wapishi wa pilau la shughuli wanalijua hilo bila fomula: vitunguu vikimenywa na watu kumi vinakwisha upesi, lakini mchele una muda wake motoni. Mwanafunzi aliyetuma kazi moja kwa viini 4, kisha 16, kisha 64, na kuchora mwenyewe grafu inayopinda na kulala, hujifunza pia adabu ya kutoomba viini 64 pale ambapo 16 vinatosha, na adabu hiyo, kama tutakavyoona, ina thamani kwa kila aliyeko nyuma yake katika foleni.

Wazo la kugawana mashine hizi kati ya vyuo lina umri mkubwa kuliko intaneti tunayoitumia, na kwa kiasi fulani ndilo lililoizaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa ndiyo inayotengeneza kompyuta kuu za Cray, lakini wahadhiri wake wengi hawakuwa na njia ya kuzifikia kwa sababu nyingi zilifungiwa katika maabara za serikali zinazoshughulika na silaha. Larry Smarr, mwanafizikia wa anga wa Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa akisafiri hadi Munich, Ujerumani, ili atumie mashine ya Kimarekani iliyokuwa katika Taasisi ya Max Planck. Mwaka 1983 aliandika pendekezo la kuanzisha kituo katika chuo chake, na mwaka 1985 shirika la serikali la kufadhili sayansi, NSF, likaanza kufadhili vituo vya pamoja Illinois, San Diego, Cornell, Pittsburgh na Princeton. Mwaka uliofuata likaviunganisha kwa mtandao wa NSFNET, ambao mwanzoni ulikuwa na kasi ya kilobiti 56 tu kwa sekunde. Mtandao huo ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani, kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya njia tunayoipitia leo tukitafuta makala ilijengwa ili profesa wa jimbo moja atume hesabu zake jimbo jingine.

Hata hivyo milango hiyo ilifunguliwa kwa watafiti. Ili upewe saa za kukokotoa ulitakiwa kuandika andiko la utafiti lenye matokeo ya awali, na mhadhiri wa chuo kidogo, mwenye masomo matatu au manne kwa muhula na asiye na mwanafunzi hata mmoja wa uzamivu, hakuwa na matokeo ya awali kwa sababu hakuwa na mashine, na hakuwa na mashine kwa sababu hakuwa na matokeo. Mipango iliyofuata, TeraGrid, kisha XSEDE iliyoanza 2011, kisha ACCESS iliyoanza Septemba 2022, imelegeza masharti hatua kwa hatua, kiasi kwamba fungu dogo zaidi la ACCESS sasa linaombwa kwa maelezo mafupi na matumizi ya darasani yanakubalika wazi. Safari hiyo ilichukua miaka karibu 40.

Wapo ambao hawakusubiri. Mnamo mwaka 2000 hivi, George Shields, profesa wa kemia aliyekuwa Hamilton College katika jimbo la New York, aliwakusanya wahadhiri wenzake wa kemia ya kikokotozi kutoka vyuo ambavyo kazi yao kuu ni kufundisha shahada ya kwanza, wakaunda muungano unaoitwa MERCURY. Kila mmoja wao alikuwa peke yake katika idara yake, bila mwenzake wa kumuuliza kwa nini hesabu fulani imekwama. Waliomba fedha za NSF za ununuzi wa vifaa kwa andiko moja la pamoja, wakanunua klasta moja, yaani kundi la nodi zilizounganishwa, wakaiweka mahali pamoja, na kuwa na msimamizi mmoja wa mifumo kwa ajili ya wote. Muungano huo umehama pamoja na mwanzilishi wake, ukapitia Bucknell katika jimbo la Pennsylvania, na leo makao yake ni Furman University, South Carolina. Kila kiangazi hufanya mkutano ambapo wanafunzi wa shahada ya kwanza hubandika mabango ya matokeo yao na kuyatetea mbele ya wanasayansi mashuhuri walioalikwa. Utafiti wa molekuli sita za maji nilioutaja juu una jina la Shields miongoni mwa waandishi wake.

Kinachonivutia katika MERCURY ni uamuzi mmoja ambao miungano mingi huukwepa kwa kutaka kumridhisha kila mtu: wote wanatoka fani moja. Kwa kuwa wote wanatumia programu zilezile chache, msimamizi anazijua kwa undani, makosa ya mwanafunzi wa chuo kimoja yamekwisha kuonekana katika chuo kingine, na zoezi lililotungwa na mhadhiri mmoja linaweza kufundishwa na mwenzake wiki inayofuata bila kubadilishwa sana. Muungano unaokusanya kemia, uhandisi, tiba na uchumi katika mashine moja siku ya kwanza hujikuta una programu mia za kusakinisha na mtu mmoja wa kuzisakinisha, na anayesubiri zaidi huwa ni mhadhiri wa shahada ya kwanza, kwa kuwa hana ruzuku ya kumfanya asikilizwe.

Sasa tuje kwenye foleni, ambayo ndiyo kiini cha mambo. Mtumiaji wa kompyuta kuu haketi mbele yake na kubofya. Anaingia kwa njia ya mtandao kwenye nodi ya kuingilia, anaandika faili fupi lenye maelekezo: jina la kazi, idadi ya viini, kiasi cha kumbukumbu, muda wa juu anaouomba, na mwisho amri yenyewe ya kuendesha programu. Kisha analikabidhi kwa programu ya kupanga foleni, kama vile Slurm au PBS, na kuondoka. Programu hiyo inatazama nodi zilizo wazi, inalinganisha maombi ya watu wote, na kuamua nani aanze lini. Kosa la kwanza la karibu kila mgeni ni kuendesha hesabu palepale kwenye nodi ya kuingilia, ambako wenzake mia wanahariri mafaili yao. Mashine inazubaa kwa wote na msimamizi analazimika kuiua kazi hiyo. Ni kosa dogo, lakini darasa zima likilifanya kwa wakati mmoja, watafiti wataandika barua za malalamiko, na baada ya barua hizo huja sera ya kuwafungia wanafunzi nje.

Kosa la pili halina kelele, ila lina gharama kubwa zaidi. Tuchukulie kuna kazi kubwa inayosubiri nodi 100 zipatikane kwa pamoja, na kwa sasa 60 ziko wazi huku nyingine 40 zikitarajiwa kuachiwa baada ya dakika 40. Programu ya foleni haitaki kuziacha nodi 60 zikae bure, hivyo inatafuta kazi fupi za kujaza pengo, mradi ziishe kabla ya dakika 40. Mwanafunzi aliyeandika katika faili lake kwamba anahitaji dakika 20 anaingia papo hapo. Mwenzake mwenye hesabu ileile, ambaye aliacha muda wa kawaida wa saa 24 kama ulivyokuwa katika mfano alionakili, atasubiri hadi kesho. Mashine ni moja, hesabu ni moja, tofauti iko katika mstari mmoja wa maandishi. Sijaona kipengele cha somo kinachoonyesha kwa haraka zaidi faida ya kukadiria kabla ya kukokotoa.

Lakini ujuzi wa mwanafunzi hautoshi pale sera ya foleni inapomkataa. Hebu tupige hesabu ya darasa la wanafunzi 80 katika kipindi cha maabara cha saa mbili, kila mmoja akitumia viini vinne. Jumla ni viini 320, sawa na saa-kiini 640 (kiini kimoja kikifanya kazi saa moja ni saa-kiini moja). Lengau, kompyuta kuu ya Afrika Kusini iliyozinduliwa 2016 ikiwa na uwezo wa takriban petaflopu moja (hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde), ina zaidi ya nodi 1,000, na nodi yake ya kawaida ina viini 24. Nodi moja ingewatosha wanafunzi sita, kwa hiyo darasa zima lingehitaji nodi 14, yaani kidogo zaidi ya asilimia moja ya mashine, kwa saa mbili. Kwa kipimo cha utafiti hicho ni kiasi kidogo mno. Hata hivyo, kama foleni siku hiyo ina saa tisa za kusubiri, kipindi kitakwisha kabla ya kazi ya kwanza kuanza, na mhadhiri atarudi kwenye ubao. Dawa yake inajulikana na programu zote za foleni zinaiweza: kutengewa nodi kwa saa maalumu, mathalani nodi 14 kila Jumanne kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, ambazo zisipotumiwa na darasa hurudi kwa wengine. Kitaalamu ni amri moja. Kiutawala ni makubaliano kati ya vyuo kwamba utafiti utakubali kusogea kidogo kila Jumanne, na makubaliano hayo yasipoandikwa kwenye mkataba wa ushirikiano tangu mwanzo, huwa magumu kuyapata baadaye, kwa kuwa wakati huo kila nodi imekwisha kupata mwenyewe.

Kuna mahitaji mengine ya darasa ambayo hayafanani na ya utafiti. Mtafiti hufunguliwa akaunti moja kwa miaka mitano, ilhali darasa linataka akaunti 80 katika wiki moja na kuzifunga zote baada ya mitihani. Mtafiti anakubali kujifunza amri za Linux kwa uchungu, ilhali mwanafunzi wa biolojia aliyezoea simu anaweza kukata tamaa mbele ya kioo cheusi chenye alama moja inayometameta. Katika hilo kumekuwa na nafuu ya kweli. Kituo cha kompyuta kuu cha Ohio kimetengeneza programu huria iitwayo Open OnDemand, inayomwezesha mtumiaji kuingia katika klasta kwa kivinjari, kupandisha mafaili, kutuma kazi na kufungua daftari la Jupyter, yaani ukurasa wa kuandikia na kuendeshea msimbo, bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta yake. Mimi bado ningemfundisha mwanafunzi ule mstari wa amri, ingawa si katika kipindi cha kwanza.

Kwa upande wa Afrika, mfano uliokomaa zaidi ni Kituo cha Kompyuta Kuu cha Afrika Kusini, CHPC, kilichoanzishwa Cape Town mwaka 2007 chini ya baraza la utafiti la CSIR, na ambacho ndicho kinachoendesha Lengau. Kinatumiwa na vyuo vya nchi hiyo kwa pamoja, na kimewafikia pia watafiti wa nchi nyingine za Afrika, wakiwamo wanafizikia wa maada wa Eldoret, Kenya, ambako mwaka 2012 ilifanyika shule ya bara zima ya kukokotoa miundo ya elektroni, ASESMA. Shule hiyo hufundisha kwa programu huria kama Quantum ESPRESSO, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu leseni ya programu ya kibiashara inaweza kulizuia darasa hata pale ambapo mashine ni ya bure.

CHPC pia kimekuwa mlango wa mashine zilizostaafu. Ranger, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilianza kazi mwaka 2008 ikiwa na nodi 3,936 na uwezo wa teraflopu 579 (teraflopu 1,000 ni petaflopu moja). Ilipozimwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini ili yagawanywe katika vyuo vya ukanda wa SADC, na Tanzania na Botswana zikatajwa miongoni mwa walengwa. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Ila hesabu inafaa ipigwe. Nodi moja ya Ranger ilikuwa na viini 16 na uwezo wa kinadharia wa gigaflopu 147 hivi (gigaflopu 1,000 ni teraflopu moja). Kadi moja ya kukokotolea ya NVIDIA A100, iliyotoka mwaka 2020, ina teraflopu 9.7 kwa hesabu za usahihi uleule, yaani sawa na nodi 66 za Ranger, kwa umeme usiozidi wati 400. Chuo kinachoendesha makabati ya zamani kwa ajili ya utafiti kitalipa bili ya umeme na viyoyozi inayoweza kununua vifaa vipya baada ya muda si mrefu.

Simaanishi kwamba mashine hizo hazina kazi. Zinafaa sana kwa jambo ambalo mashine mpya haiwezi kuruhusiwa kulifanya, nalo ni kuharibiwa na wanafunzi. Nodi nne za zamani katika chumba kimoja zinatosha kumfundisha mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta kusakinisha Linux kwenye nodi zote kwa mkupuo, kuweka programu ya foleni, kufungua akaunti, kuchomoa waya wa mtandao na kutazama kinachotokea. Earlham College ya Indiana ilifika mbali zaidi katika wazo hilo kwa kutengeneza, pamoja na washirika wa vyuo vingine, klasta ndogo iitwayo LittleFe, yenye bodi sita zilizofungwa kwenye fremu moja, inayoingia katika kasha na kupakiwa kwenye ndege kama mzigo wa msafiri. Wahadhiri walikusanywa katika warsha, wakaziunda kwa mikono yao, wakaondoka nazo. Hakuna utafiti mkubwa utakaofanywa kwa mashine kama hiyo, na haikukusudiwa hivyo.

Hili linatupeleka kwa yule mtu mwenye mshahara. Klasta bila msimamizi hufa polepole: diski moja inajaa, sasisho la usalama linarukwa, nodi tatu zinakataa kuwaka baada ya umeme kukatika, na baada ya mwaka mmoja ni nodi chache tu zinazotumika, na mtu mmoja tu ndiye anayejua nywila. Tanzania si mgeni wa mashine zenyewe. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilipata kompyuta kuu ya aina ya PARAM kutoka kituo cha C-DAC cha India, kupitia kituo cha umahiri wa TEHAMA kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa nchi hizo mbili. Kinachokuwa haba zaidi, hapa na kwingineko, ni cheo cha kudumu cha mhandisi wa mifumo ya ukokotoaji katika muundo wa utumishi wa chuo, chenye ngazi za kupanda, ili aliyefundishwa leo asiondoke kesho kwenda benki au kampuni ya simu. Vyuo vitano vikichangia mishahara ya wahandisi wawili, kila kimoja hulipa chini ya nusu ya mshahara mmoja na hupata huduma isiyokatika mmoja wao akiwa likizo. Naona huo ndio msingi hasa wa ushirikiano, hata kama haupigwi picha siku ya uzinduzi.

Na wahandisi hao watoke wapi? CHPC kilijibu kwa mashindano. Tangu mwaka 2012 kimekuwa kikiwaalika wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka vyuo vya Afrika Kusini, wengi wao wakiwa hawajawahi kugusa klasta, kikawafundisha, kikawashindanisha, na kuchagua timu ya taifa ya watu sita kwa ajili ya mashindano ya kimataifa ya wanafunzi katika mkutano wa kompyuta kuu wa ISC nchini Ujerumani. Kanuni ya mashindano hayo miaka hiyo ilikuwa ya kuvutia: unaweza kuleta vifaa utakavyo, lakini klasta nzima isivute zaidi ya wati 3,000 kwa wakati wowote. Kwa hiyo timu inakaa mbele ya mita ya umeme, ikipunguza kasi ya prosesa, ikizima feni zisizo za lazima, ikiamua kama kadi moja zaidi ya michoro inastahili wati zake kwa programu iliyo mbele yao. Waafrika Kusini walishinda mwaka 2013, mara yao ya kwanza kushiriki, wakarudia 2014, 2016 na 2019, wakizipita timu za vyuo vyenye fedha nyingi zaidi za China, Marekani na Ulaya. Timu ya 2019 ilichanganya wanafunzi wa Witwatersrand na Stellenbosch, vyuo ambavyo katika mambo mengine ni washindani.

Kwa Afrika Mashariki sehemu ya njia imekwisha kujengwa. KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania, RENU ya Uganda na mitandao dada ya Rwanda, Burundi na Kongo ni mitandao ya intaneti ya vyuo na taasisi za utafiti, na ni wanachama wa muungano wao wa kikanda, UbuntuNet Alliance, ambayo makao yake ni Lilongwe, na tangu nyaya za baharini zifike Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010 mawasiliano ya vyuo yamebadilika kabisa. Kuingia katika klasta iliyo mbali na kuandika amri kunahitaji kasi ndogo sana, hata ya simu ya mkononi. Tatizo ni data. Faili la mpangilio wa jinomu lenye gigabaiti 30, likipitia kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, litachukua saa 6 na dakika 40 bila kukatika, na wanafunzi 80 wakilituma kila mmoja kwa wakati wake hakuna kitakachofika. Data ya darasa inapaswa kuwekwa upande wa mashine mara moja, kabla ya muhula, na mwanafunzi avute matokeo tu, ambayo mara nyingi ni grafu na jedwali la kilobaiti mia chache. Mtandao wa bioinformatiki (ukokotoaji wa data za kibiolojia) wa H3ABioNet ulitumia busara inayofanana na hiyo katika kozi yake ya utangulizi kuanzia 2016: mihadhara ilitoka kwa wataalamu wachache, lakini wanafunzi walikusanyika katika madarasa ya vyuo vyao wenyewe, nchi mbalimbali za Afrika, wakiwa na wakufunzi wasaidizi wa hapohapo wa kuwainamia begani.

Mfumo wa eduGAIN, unaomruhusu mwanafunzi kutumia utambulisho wa chuo chake kuingia katika huduma za chuo kingine, unaondoa pia lile tatizo la akaunti 80: anayehitimu hupoteza utambulisho wa chuo chake, na ruhusa yake ya kuingia hukoma bila mtu kukumbushwa.

Linabaki suala la ratiba, ambalo wahandisi hulisahau na wahadhiri hawalisahau kamwe. Somo jipya la ukokotoaji linahitaji kupita idarani, kwenye seneti, na hatimaye kwa tume ya vyuo vikuu ya nchi husika, na mzunguko wa kupitia mitaala huchukua miaka. Njia ya haraka ni kutogusa mtaala. Mhadhiri wa fizikia anayefundisha uenezaji wa joto ana vipindi vya maabara ambavyo tayari vimeidhinishwa. Anaweza kubadilisha kimoja, wanafunzi wakagawa bamba la chuma katika gridi ya vijiraba, wakakokotoa joto la kila kijiraba kwa kiini kimoja, kisha kwa vinne, kisha kwa kumi na sita, na kulinganisha majibu na bamba halisi lililoko mezani lenye vipimajoto vitatu. Anaweza kuanza na wanafunzi 20 wa kujitolea, kwa foleni ya kawaida na mbele ya mhandisi, muhula mmoja kabla ya kuomba zile nodi 14 za Jumanne.